Mafunzo Manane Niliyopata Nikisomea Seli

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, nyumbani kwangu Langoni, mjini Lamu, hupigwa hodi. Huingia kijana na mzazi wake, tukanywa kahawa, tukaulizana hali, kisha suala likatolewa: "Bi, mtoto huyu apenda mambo ya hospitali. Asomee nini?" Nikiwatajia sitolojia, wengi hunitazama kwa adabu ya mtu asiyetaka ijulikane kwamba hakuelewa.

Basi nieleze. Sitolojia ni kazi ya kusoma seli zilizokwanguliwa mwilini, zilizonyonywa kwa sindano, au zilizotoka zenyewe pamoja na mkojo, makohozi au maji ya kifuani. Mtaalamu hukaa na hadubini, akapita slaidi nzima, akaweka nukta ya wino penye seli asiyoiamini, kisha akaamua: hii ni salama, hii imwendee daktari wa patholojia. Kwa njia hiyo saratani ya mlango wa kizazi inaweza kutambuliwa ingali mabadiliko madogo tu, miaka mingi kabla haijawa saratani yenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Faza, kisiwani Pate. Nilianza na diploma ya maabara, nikahesabu vimelea vya malaria hadi nikaviona ndotoni, kisha katika miaka ya tisini nikaenda Nairobi kusomea sitolojia. Kazi nimeifanya Mombasa, na uzee nimeuleta Amu, yaani Lamu. Haya ninayoyaandika nayaandika kwa vijana ambao najua watafika mbali kuliko mimi, na sioni sababu ya wao kupita kwenye mashimo ambayo mimi nimeshayapima kina.

1. Mjue mzima kabla hujamtafuta mgonjwa

Niliingia darasani nikiwa na haraka ya kuikamata saratani. Muhula wa kwanza sikuonyeshwa hata seli moja ya saratani. Tulisomeshwa seli nzima, slaidi baada ya slaidi: zile za tabaka la juu, bapa, za rangi ya waridi, zenye kiini kidogo cheusi, zile za kati, za kijanikibichi kinachoelekea samawati, zenye kiini kilichotulia, na zile za chini, ndogo na za mviringo. Nilinung'unika. Nilidhani wanatupotezea wakati.

Siku moja nilimwita mwalimu kwa furaha nikamwambia nimepata kiini kikubwa.

"Kikubwa kuliko nini?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona ukubwa bila kuulinganisha na chochote.

Hapo ndipo nilipofundishwa kipimo ambacho kila mwenye kazi hii hukitumia mpaka astaafu. Hatubebi rula ndani ya hadubini, tunamtumia jirani. Kiini cha seli ya tabaka la kati, katika slaidi ile ile, ndicho kipimo. Seli yenye mabadiliko ya daraja la chini kwa kawaida huwa na kiini kinachozidi mara tatu ya hicho. Chini ya hapo unaanza kusitasita, na kusitasita nako kuna jina lake rasmi katika ripoti. Kama hukijui kiini kizima kwa moyo, huna cha kulinganishia, na kila unachokiona kitakutisha au kitakupita.

Kilichonishangaza ni kwamba baada ya wiki nyingi za kuchoshwa na seli nzima, ile mbovu ilianza kujitokeza yenyewe. Sikuitafuta. Jicho lilisimama kabla akili haijajua sababu. Kwa hiyo ukichoshwa na mambo ya kawaida, mwanangu, vumilia. Ndiyo masomo yenyewe hayo.

2. Kipimo huharibika kabla hakijafika maabara

Wanafunzi wengi hudhani kazi yetu inaanza pale hadubini inapowashwa. Inaanza chumbani kwa muuguzi, wakati kijiti kinapotolewa kwenye mlango wa kizazi na kupakwa juu ya kioo. Kioo hicho lazima kizamishwe ndani ya ethanoli ya asilimia 95 kingali kibichi, papo hapo. Kikiachwa kikauke kwa hewa, seli huvimba, viini hupauka, na mistari ya ndani ambayo tunaitegemea hupotea. Hakuna rangi wala hadubini itakayoirudisha.

Nilikuwa nimelijua jambo hili kwa ajili ya mtihani. Nililielewa nilipofuatana na wauguzi kwenye kliniki ya siku moja huko Pate, msimu wa kusi. Dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, upepo unaingia, na muuguzi, mtu mwangalifu kabisa, anaweka kioo mezani ili aandike jina la mama. Mpaka amalize kuandika, kioo kimekauka. Hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwambia aanze kuandika kabla hajamgusa mgonjwa na aweke chupa ya alkoholi wazi pembeni yake. Tulipougeuza mpangilio wa meza tu, slaidi zikaanza kusomeka.

Na jina liandikwe kwa penseli, kwenye ncha ya kioo iliyokwaruzwa. Wino wa kalamu huoshwa na alkoholi na zailini, na utabaki na seli za mtu usiyemjua. Tena kwetu jina peke yake halitoshi. Visiwani tunarithishana majina ya mababu, na si ajabu katika kliniki moja kukuta wanawake wawili wenye majina matatu yale yale, wa kijiji kimoja. Weka nambari, mwaka wa kuzaliwa na mtaa. Ukibadilisha majibu ya watu wawili, mmoja atatibiwa ugonjwa asio nao na mwingine atarudi nyumbani nao.

3. Rangi na chombo vina tabia zake

George Papanicolaou, daktari wa Kigiriki aliyezaliwa mji wa Kymi mwaka 1883 na kuhamia Marekani mwaka 1913, ndiye aliyekipa jina lake kipimo cha Pap, kile cha seli za mlango wa kizazi. Mwaka 1928 aliyatangaza aliyoyaona kwenye seli hizo, na wenzake hawakumjali sana. Mwaka 1941, yeye na Herbert Traut, bingwa wa magonjwa ya wanawake, walichapisha makala yaliyowafanya watu wageuze shingo. Hadithi hii mimi huwaambia wanafunzi wanaotaka kusifiwa kabla ya muhula kwisha.

Rangi aliyoibuni ni kazi ya ustadi. Kiini hupakwa hematoksilini, itokayo kwenye mbao za mti wa Amerika ya Kati, na huanza na wekundu kisha hugeuka samawati ndani ya maji yenye alkali. Rangi ya machungwa huzishika seli zilizokomaa hadi kuwa ngumu, na mchanganyiko wa tatu hugawanya waridi na kijani. Zote zinapenyeza mwanga, ndiyo maana unaweza kuona seli iliyo chini ya nyingine. Mimi slaidi zangu za kwanza zilitoka samawati tupu, zote, kuanzia kiini mpaka ukingo. Nilikuwa nimeruka hatua ya kuosha kwa asidi. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama nimepaka rangi mlango wa nyumba.

Lakini funzo kubwa la rangi lilikuwa jingine. Kwenye slaidi ya msichana mdogo niliona kifungu cha seli za kutisha. Moyo ulinienda mbio. Mwalimu alikaa, akazungusha kirekebishi polepole, akaniambia nitazame: seli za msichana zilikuwa wazi, na kile kifungu kilikuwa na ukungu; alipozungusha tena, kifungu kikawa wazi na seli za msichana zikapotea. Kilikuwa kinaelea juu, tabaka jingine. Kilitoka kwenye slaidi ya mgonjwa mwingine iliyokuwa kwenye kikapu kimoja nayo, kikasafiri ndani ya rangi, kikashuka pale.

Tangu siku ile, kabla ya kujiuliza seli hii ni ya ugonjwa gani, hujiuliza imefikaje hapa. Chuja rangi zako kila siku. Vipimo vya majimaji yenye saratani vitie rangi mbali na vya mlango wa kizazi. Na ukija kufanya kazi Pwani, ukiondoka jioni usiiache hadubini wazi: unyevu wa bahari huotesha ukungu ndani ya lenzi. Ifunike, iweke mahali pakavu pamoja na vifuko vya silika, na uvikaushe vifuko hivyo mara kwa mara.

4. Hadubini haijui umri wa mtu

Fomu iliyokuja na slaidi ilikuwa na jina tu. Mahali pa umri palikuwa patupu, mahali pa hedhi ya mwisho patupu. Sikuona tatizo; nilidhani mtaalamu wa kweli anaisoma seli bila kuambiwa chochote. Nikajaza slaidi nukta za wino, kwa kuwa kila mahali niliona seli ndogo zenye viini vikubwa, vingine vyeusi visivyo na mistari ndani. Mwalimu hakugusa hadubini. Alipiga simu wodini, akauliza umri. Ilikuwa ni bibi wa miaka sabini na kitu.

Mwanamke akishakoma hedhi, tabaka la juu halikomai tena, na zinazobaki ni zile seli ndogo za chini. Kwake yeye hizo ndizo za kawaida. Seli ile ile kwa binti wa miaka ishirini na tano ingekuwa na maana nyingine. Vivyo hivyo ujauzito, koili ya uzazi wa mpango, matibabu ya mionzi: kila kimoja huacha alama zake, na fomu isipozitaja utaziita kwa jina baya.

Maambukizi nayo huchezea macho. Fangasi wa kandida huzitunga seli kwenye nyuzi zake kama nyama kwenye mishikaki, na hilo hulitambui mara ya pili kwa shida. Trikomonasi ndiye mjanja: kadudu kadogo, ka kijivu, kenye kiini hafifu, na seli zilizo karibu naye huvimba viini kidogo kiasi cha kumtia mwanafunzi wasiwasi.

Na kuna mambo ambayo si ya mwili kabisa. Niliwahi kutangaza darasani kwamba nimegundua mayai ya mdudu asiye kwenye vitabu: ya mviringo, yanayong'aa, yenye kitobo katikati. Mwalimu aliweka vichujio vya kugeuza mwanga, na kila "yai" likaonyesha msalaba. Ilikuwa ni unga wa wanga wa glavu. Kwa muhula mzima wenzangu waliniita Bi Wanga, jina ambalo mtu wa Pwani hapendi kuitwa mbele za watu.

Uliza. Fomu ikija tupu, inua simu. Kuuliza umri hakupunguzi utaalamu wako hata kidogo.

5. Hasi ndilo neno zito

Mtu asiye wa kazi hii hudhani jambo gumu ni kuandika kwamba kuna saratani. Sivyo. Ukiandika hivyo, daktari wa patholojia ataitazama slaidi, kipande cha nyama kitachukuliwa, wengine watathibitisha au watakukanusha. Ukiandika hasi, aghalabu hakuna atakayeifungua tena. Mama anakwenda zake kwa amani, kwa neno lako wewe peke yako.

Marekani walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1987 mwandishi Walt Bogdanich wa gazeti la Wall Street Journal alifichua maabara zilizowalipa wasomaji kwa idadi ya slaidi, watu wakizikimbiza bila kuziona, na wanawake wakafa na saratani zilizokuwa zimeandikwa hasi. Mwaka 1988 ikapitishwa sheria iliyoweka kikomo: msomaji mmoja asizidi slaidi 100 kwa saa 24, na hicho ni kikomo cha juu, si lengo la kufikiwa. Sehemu ya zile zilizoitwa hasi lazima isomwe upya na jicho jingine. Mwaka huo huo wataalamu walikutana Bethesda wakaunda lugha moja ya ripoti, ambayo mpaka leo wanafunzi wanaisoma.

Nilisomeshwa hayo yote, na bado yalinipata. Ilikuwa Ramadhani, saa za alasiri. Mwalimu alikuwa amechomeka slaidi moja kwenye trei yangu bila kuniambia. Nikaisoma, nikaandika hasi, nikaendelea. Kesho yake akaniwekea mezani bila neno. Nilihangaika nayo mpaka nikaikuta: safu fupi ya seli ndogo, nyeusi, viini vimejaa mpaka ukingoni, karibu na lebo, chini ya ute mzito. Mabadiliko ya daraja la juu. Nikasingizia saumu. Mwalimu, ambaye naye alikuwa amefunga, alinitazama tu.

Tulikaa tukachunguza jinsi nilivyosoma. Nilikuwa naanzia katikati, penye seli nyingi na nzuri, na pembeni napita haraka. Tangu hapo naanzia kona, napanda na kushuka, kila njia ikiingiliana kidogo na iliyotangulia, na kingo nazipa wakati wake. Seli mbaya sana si lazima ziwe kubwa wala nyingi. Na ukichoka, simama. Slaidi itakungoja.

6. "Haisomeki" nayo ni jibu

Slaidi ya kawaida ya mlango wa kizazi haitoshi mpaka iwe na seli kati ya 8,000 na 12,000 zinazoonekana vizuri. Ikiwa chache kuliko hizo, au ikiwa imefunikwa na damu au usaha kwa sehemu kubwa, jibu lake ni kwamba haifai kusomwa na kipimo kirudiwe. Darasani sentensi hii ni nyepesi. Visiwani ni nzito, maana unajua safari iliyo nyuma yake.

Nilipokuwa natembelea kliniki za huku, nilishika slaidi ya mama wa kijiji cha Siyu iliyokuwa damu tupu. Nilijua angelazimika kungoja maji yajae ndipo mashua itoke, apoteze siku, aombe mtu wa kumwangalilia watoto, na alazwe tena kwenye kitanda kile kile alichokionea haya mara ya kwanza. Huruma iliniambia: seli chache unazoziona ni safi, mwandikie hasi apumzike. Karibu nifanye hivyo. Kilichonizuia ni mama mwenyewe, aliyekuwa bado uani akingoja wenzake. Nilipomwita kumweleza kwamba labda itabidi arudi, alisema, "Mwanangu, nimekuya tangu alfajiri. Nambiya iliyo kweli, usinambiye iliyo tamu."

Alirudi. Huruma yangu ilikuwa ya kunipunguzia mimi aibu ya kumrudisha. Huruma yenye faida kwake ilikuwa kumpa tarehe inayolingana na bamvua, muuguzi wa kike, na maelezo ya kwa nini mara ya kwanza haikufaa. Ukishaanza kuandika hasi kwa kuwaonea watu imani, ripoti zako zote hazina thamani tena, hata zile za kweli.

7. Kanuni ya meza moja ni kosa kwenye meza nyingine

Baada ya kufundishwa mwaka mzima kwamba slaidi ikikauka imeharibika, tulihamishiwa kwenye meza ya sindano nyembamba. Hapo mtu huja na uvimbe wa titi, wa koo au wa tezi za shingo; sindano nyembamba ya kawaida hupenya, hunyonya, na kinachotoka hupakwa kwenye vioo. Nilichukua vioo vyote nikavitumbukiza kwenye alkoholi kwa kasi ya kujivunia. Mwalimu akashika kichwa. Vingine vilitakiwa vikaushwe kwa hewa, kwa makusudi, ili vitiwe rangi ya Giemsa, ambayo huonyesha saitoplazimu na mambo mengine ambayo rangi ya Papanicolaou haionyeshi vizuri.

Nilijifunza kwamba nilikuwa nimekariri kanuni bila sababu yake. Anayejua kwa nini kioo kinazamishwa, anajua pia lini kisizamishwe.

Meza hiyo ndiyo iliyonionyesha upana wa taaluma hii. Tezi ya shingo mara nyingi haikuwa saratani bali kifua kikuu, na rangi nyingine ya kutafuta bakteria wake ndiyo iliyokata shauri. Kwenye mkojo niliona yai lenye mwiba nchani, yai la kichocho, na kwa mara ya kwanza mimi wa Pwani ndiye niliyewatangulia wenzangu wa bara. Kichocho cha mkojo kinajulikana sana Kwale na bonde la Tana, na kikikaa miaka mingi kibofuni kinaweza kuleta saratani ya seli bapa. Yai moja kwenye slaidi linaweza kukueleza jinsi seli zilizo pembeni yake zilivyofikia hali hiyo.

8. Usipende hadubini kuliko jibu

Hili ndilo lililonichelewea kuliko yote, na linaniuma kidogo hata sasa.

Nilitoka Nairobi nikiamini kwamba kila mwanamke wa Lamu anapaswa kufanyiwa kipimo cha Pap, na kwamba mimi ndimi nitakayezisoma slaidi hizo. Kisha mambo yakageuka. Harald zur Hausen na wenzake walikuwa wameshaonyesha, mwaka 1983, uwepo wa virusi vya HPV aina ya 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina ya 16 na ya 18 peke yake husababisha kama asilimia 70 ya saratani hizi. Kikaja kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, ambacho mama anaweza kujichukulia sampuli faraghani. Kabla yake ilikuwa imekuja njia ya siki: mlango wa kizazi hupakwa asidi asetiki hafifu, sehemu yenye mashaka huwa nyeupe baada ya dakika moja hivi, na anayefaa kutibiwa kwa baridi kali au joto hutibiwa siku hiyo hiyo.

Nilichukia. Siki! Mimi nimekaa miaka nikisoma viini, halafu muuguzi aje na siki na taa. Nilisema maneno mengi kwenye mikutano ambayo leo nisingependa yarudiwe.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu kwa haki. Slaidi ya kisiwani inachukuliwa, inangoja mashua, inapanda basi, inatiwa rangi, inasomwa, ripoti inarudi kwa njia ile ile, na mama atafutwe. Katika kila hatua kuna wanaopotea. Kwa mwanamke anayefika kliniki mara moja kwa mwaka, jibu la siku hiyo hiyo lina thamani kuliko ripoti yangu nzuri inayofika akiwa ameshahama. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha virusi kiwe ndicho cha kwanza, nami leo nakubali bila kinyongo.

Je, kazi yetu imekwisha? Hapana. Mwenye virusi si lazima awe na ugonjwa, na mojawapo ya njia za kuwachambua ni kusoma seli zao. Kwa wanawake waliokoma hedhi, sehemu inayotakiwa kuonekana hujificha ndani na siki haisaidii sana. Na uvimbe wa titi, tezi ya koo, maji ya mapafu, mkojo wenye damu, vyote hivyo bado vinamngoja mtu aliyefundishwa kutazama. Ila aingie akijua kwamba chombo anachokipenda kinaweza kubadilishwa, na kwamba akijifunza vipimo vya virusi na vya vinasaba pamoja na hadubini, atakuwa na kazi na faida maisha yake yote.

Neno langu kwenu

Kwa makadirio ya mwaka 2020, Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 wa saratani ya mlango wa kizazi, na wanawake zaidi ya 3,000 walikufa nayo, ilhali ni mojawapo ya saratani zinazozuilika kwa urahisi zaidi. Tangu Oktoba 2019 chanjo ya HPV inatolewa nchini kwa wasichana kuanzia miaka kumi.

Wewe unayetaka kuisomea kazi hii, njia ni hii: soma diploma au shahada ya maabara, upate leseni ya bodi ya wataalamu wa maabara, fanya kazi ya kawaida kidogo ili mikono izoee, kisha utafute mafunzo ya sitolojia. Chagua mahali ambapo mwalimu hukaa nawe kwenye hadubini ya vichwa viwili, si mahali pa kukariri picha. Ukifuzu, rudi huku, au angalau ukubali kuzisoma slaidi za huku kwa uangalifu ule ule unaozipa za mjini.

Na wewe usiyetaka kuisomea, una dada, una mke, una binti. Binti apelekwe akachanjwe. Mke na dada wa miaka thelathini na zaidi waende wakapimwe, hata kama hawaumwi popote. Wasingoje dalili; dalili zikija, kazi yetu huwa imechelewa.